Nepi Safi Haipimwi kwa Weupe

Katika maduka ya mitaani Dar es Salaam pampasi huuzwa moja moja, kama sigara. Mama humtuma mtoto mkubwa akanunue moja ya kulalia, au moja ya kwendea kliniki kesho asubuhi. Mchana kutwa mdogo yuko kwenye nepi: kipande cha taulo, cha flaneli, cha melimeli, au cha kanga kuukuu iliyochanwa vipande vinne. Kwa hiyo ninaposoma kwamba nepi za kitambaa zinarudi, najiuliza zilikuwa zimekwenda wapi. Kwa familia nyingi hazikuondoka hata siku moja. Kinachoondoka, tena kwa kasi, ni ujuzi wa kuzifua.

Ujuzi huo ulikuwa na njia yake ya kurithiwa. Mwanamke akijifungua, mama yake mzazi au shangazi alikuja kukaa naye mpaka arobaini itoke. Katika siku hizo mzazi hakuguswa na kazi za maji. Nepi zilifuliwa na mikono iliyokwisha kulea watoto wengi, naye aliona kila siku jinsi zinavyosuuzwa, zinavyoanikwa, na zipi zinarudishwa kwenye beseni kwa sababu bado zinateleza. Leo wengi wanajifungulia mbali na kwao. Bibi akija anakaa wiki moja, maana naye ana biashara yake au shamba lake. Kazi inamwangukia binti wa kazi ambaye hakuna aliyemwelekeza, au mama mwenyewe akiwa na mshono wa upasuaji ambao bado unauma akiinama. Pengo hilo limejazwa na chupa: jiki ya kung'arisha, dawa ya kuua vijidudu, dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua.

Nina hoja moja ya kuwaambia wazazi hawa. Nepi huharibiwa zaidi na yale tunayoyaacha ndani yake kuliko na yale anayoyaweka mtoto. Sabuni isiyotoka, mafuta, dawa na unyevu ndivyo vinavyoifanya inuke, isinyonye, na imchubue mwanao makalio.

Tuanze na kinachoonekana kwa macho, kwa sababu ndicho kinachowatia watu aibu. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hutoa choo cha njano nzito, na nepi hubaki na doa hata baada ya kufuliwa vizuri. Mama anaificha wageni wakija, au anaimwagia jiki. Hakuna haja. Njano ile kwa sehemu kubwa ni bilirubini, rangi itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, na bilirubini haistahimili mwanga. Anika nepi ikiwa bado mbichi, upande wenye doa ukitazama jua. Kufikia adhuhuri doa limefifia, na likibaki, jua la kesho litalimaliza.

Nguvu hii ya mwanga ina historia ya kupendeza. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliyekuwa akisimamia watoto njiti alikuwa na desturi ya kuwatoa nje wapate hewa na jua. Akabaini kwamba mtoto mmoja aliyekuwa na manjano ngozi yake ilikuwa imerudi rangi yake, isipokuwa pale palipofunikwa na shuka. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ikaachwa dirishani, ikapigwa na jua, na ilipopimwa kiwango cha bilirubini kilikuwa kimeshuka. Daktari Cremer na wenzake wakachapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet mwaka 1958, na taa za bluu zinazowamulika watoto wachanga hospitalini leo asili yake ni huko. Lakini mtoto mwenye manjano apelekwe hospitali. Jua la uani linatosha kwa nepi, halitoshi kwa mtoto.

Doa lisitusumbue, basi. Tuingie kwenye kufua.

Kazi huanzia chooni. Choo kigumu kitupwe huko, na maji ya kusuuzia mara ya kwanza yamwagwe huko huko, siyo kwenye karo la vyombo wala kwenye mtaro unaopita mbele ya nyumba. Ipo dhana kongwe kwamba choo cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa mtoto hajala kitu. Dhana hiyo imeleta maradhi mengi ya kuhara. Virusi vya rota, ambavyo vimewahi kuua watoto wengi mno barani mwetu, hupita kwa njia hiyo hiyo: kutoka kwenye nepi, kwenye mkono, hadi kwenye kijiko cha uji. Anayemaliza kushika nepi anawe kwa sabuni kabla hajagusa kitu kingine.

Suuza hiyo ya kwanza iwe kwa maji baridi. Maji ya moto huifanya protini iliyomo kwenye choo igande kwenye nyuzi, na ikishaganda utafikicha mpaka vidole vichubuke. Baada ya hapo nepi zisubiri zamu yake ndani ya ndoo kavu yenye mfuniko. Najua wengi wamezoea kuloweka usiku kucha, na hapa natofautiana na wakubwa zangu kwa heshima. Maji yaliyolala na nepi kwenye joto letu hugeuka kuwa shamba la vijidudu. Jambo la pili ni zito zaidi: mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu. Akiinamia ndoo akaingia kichwa, hawezi kujiinua. Ndoo ya maji isiachwe wazi sakafuni katika nyumba yenye mtoto, iwe ya nepi au ya kuogea.

Fua kila siku. Ikishindikana, siku ya pili, isipite hapo. Mtoto mchanga hubadilishwa mara kumi au kumi na mbili kwa siku, kwa hiyo dazeni mbili za nepi ndicho kiasi kinachomwezesha mama kulala bila hofu ya kuamka hakuna kavu.

Sasa tufike kwenye sabuni, ambako ndiko makosa mengi yaliko. Pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi Zanzibar na Mtwara, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi yamebeba chokaa. Visima vya Dar es Salaam navyo, hasa vilivyo karibu na bahari, mara nyingi vina chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu ya namna hiyo haitoi povu. Inaungana na chokaa na kufanya utando mweupe, ule unaouona ukizunguka ukingo wa beseni. Mama akiona povu halitoki anaongeza sabuni. Utando unazidi, unaingia ndani ya nyuzi, nepi inakauka ikiwa ngumu ya kukwaruza, na siku zinavyokwenda inakataa kunyonya mkojo. Halafu analaumiwa mwenye duka kwamba kitambaa ni kibovu.

Dawa ya hali hiyo ni kupunguza sabuni na kuongeza suuza. Kwa maji magumu sabuni ya unga ina nafuu, kwa kuwa haigandi na chokaa kwa namna ile, lakini nayo lazima itolewe yote, na isiyo na manukato makali ndiyo bora kwa ngozi changa. Fua mara ya kwanza kwa sabuni kidogo kuondoa mkojo na mabaki, mwaga maji, kisha fua mara ya pili kwa maji ya moto kadiri mkono unavyoweza kustahimili. Ndipo usuuze. Suuza mara tatu, na ya tatu uitazame: koroga maji kwa mkono, na povu likijitokeza juu bado kazi ipo. Bibi zetu hawakuhitaji kutazama, walisugua nepi kwa vidole viwili, na ikiteleza walisema, "Rudisha, mwanangu, hiyo bado ina sabuni." Msimu wa mvua una neema yake hapa, kwa sababu maji ya mvua hayana chokaa. Aliyekinga pipa kwenye mgongo wa bati ayatunze kwa ajili ya suuza ya mwisho, aone nepi zitakavyolainika bila dawa yoyote.

Hayo yote yanataka maji, nami siwezi kuandika kana kwamba maji yanatoka bombani kwa kila mtu saa zote. Kwa anayenunua kwa ndoo, suuza tatu ni pesa. Njia ya kubana ni kuyapa maji kazi mbili: maji ya suuza ya tatu ya leo yafungiwe ndani ya chombo chenye mfuniko, kesho yatumike kuondolea choo. Na ukikamua nepi vizuri kabla ya kuitia kwenye maji mapya, utaingiza sabuni kidogo sana katika beseni jipya, na suuza mbili zitafanya kazi ya tatu. Kukamua ndiko kunakookoa maji.

Mafuta nayo huziba nyuzi. Kwetu mtoto hupakwa mafuta ya nazi au mafuta ya mgando kila akioga, na si vibaya, ila yakipakwa mengi chini ya nepi hujipenyeza kwenye kitambaa na kukifanya kisukume maji. Dawa za kulainisha nguo hufanya vivyo hivyo. Ulaini unaouhisi ni tabaka jembamba lililofunika kila uzi. Kuna jaribio rahisi. Dondoshea nepi kavu tone la maji. Likinywewa papo hapo, nepi ni nzima. Likikaa juu kama linavyokaa juu ya jani la myugwa, nepi imefunikwa. Ifue kwa sabuni ya kuoshea vyombo kidogo na maji ya moto, usuuze mpaka maji yawe maangavu, na ikiwa ni ya pamba tupu uichemshe kwenye sufuria iliyotengwa kwa kazi hiyo.

Jiki ina nafasi yake, lakini ni ndogo. Mtoto akipata fangasi, au nyumba ikiwa na ugonjwa wa kuhara, kuchemsha nepi za pamba kunatosha, na asiye na kuni au gesi ya kutosha anaweza kutumia jiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Masharti ni mawili. Nepi iwe imekwisha kufuliwa na kusuuzwa mkojo wote, kwa sababu mkojo uliolala hutoa amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Vyoo na bafu zetu nyingi ni finyu na hazina dirisha. Mama aliyejifungia humo na beseni la nepi za jana na kifuniko cha jiki anajiweka hatarini bila kujua. La pili, jiki isichanganywe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya usafi. Baada yake suuza tena na tena.

Kuhusu makalio yenyewe. Kwa miaka mingi lawama zote za michubuko ziliwekwa kwenye amonia. Utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha picha pana zaidi: mkojo hupunguza asidi ya kawaida ya ngozi, na ngozi ikiwa hivyo, vimeng'enya vilivyomo kwenye choo vya kumeng'enyea protini na mafuta hupata nguvu na kuanza kuila. Ndiyo maana nepi yenye mkojo na choo kwa pamoja huumiza kuliko yenye kimoja tu, na ndiyo maana hakuna ufuaji utakaochukua nafasi ya kubadilisha mtoto mapema. Chupi ya plastiki inayovalishwa juu ya nepi isibane, na kila siku mtoto apewe muda wa kulala uchi juu ya kanga. Poda ya kunyunyiza iachwe, kwa sababu vumbi lake huingia mapafuni. Ukiona wekundu uliojificha kwenye mikunjo ya mapaja, umezungukwa na vipele vidogo vidogo, huenda ni fangasi, na kituo cha afya kitampa dawa yake.

Kuanika ndiyo nusu ya usafi, na kuna watu wanaolipua hapa baada ya kufua kwa juhudi zote. Nepi itundikwe kwenye kamba, iwe na nafasi, jua liipige pande zote mbili. Isitandazwe kwenye majani, mchangani wala juu ya ukuta. Katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara yupo nzi ambaye wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga. Jike lake hutaga kwenye mchanga mkavu na kwenye nguo zenye unyevu, hasa zenye harufu ya mkojo au jasho. Mayai huanguliwa kwa siku moja hadi tatu, na funza akigusa ngozi hutoboa na kuingia bila mtu kuhisi. Baada ya siku chache linatokea jipu lenye tundu katikati. Kwa mtu mzima ni kero. Kwa kichanga aliyevishwa nepi yenye mayai ni mateso. Nepi zianuliwe zikiwa zimekauka kabisa, na penye nzi huyu zipigwe pasi pande zote mbili, mshono kwa mshono. Pasi ya mkaa au ya umeme, joto lake humaliza mayai na funza.

Masika yana taabu zake. Kuanzia Machi hadi Mei unaweza kukaa siku tatu bila jua la kueleweka, na nepi zimejaa kwenye kamba iliyofungwa sebuleni. Hapo ndipo mtu huingiza jiko la mkaa chumbani, afunge mlango, atundike nepi juu yake. Nawasihi wasomaji, msifanye hivyo. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala. Familia zimekutwa zimekufa kwa jiko lililowashwa kwa nia njema ya kumpasha joto mzazi na mtoto wake. Zikamueni nepi kwa watu wawili, mmoja kila ncha, mzitundike barazani penye upepo, kisha pasi imalizie. Katika siku hizo ndipo hata mimi ningenunua pampasi za kulalia bila kujilaumu.

Nepi za kisasa zenye vifungo na mfuko wa kuwekea kitambaa cha kunyonya zinataka uangalifu wa aina nyingine. Gamba lake la nje ni poliesta iliyopakwa tabaka la plastiki. Maji ya moto sana hulibandua, jiki hulila, na jua kali la siku nzima huchosha lastiki za miguuni. Lifue kwa maji ya vuguvugu na ulianike kivulini penye upepo, huku vitambaa vya ndani vikipigwa na jua kali. Binafsi naona nepi ya mraba ya zamani bado inazishinda kwa mazingira yetu: inafunguka yote, sabuni inatoka yote, inakauka saa chache, inachemshika.

Kuna swali ambalo watetezi wa mazingira hulikwepa, nami nataka tulitazame. Je, kweli nepi zina nafuu kwa dunia, ukihesabu maji, sabuni na nishati? Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha hesabu yake. Pampasi za mtoto mmoja kwa miaka miwili na nusu zilikadiriwa kuzalisha gesijoto sawa na kilo 550 za hewa ukaa, na nepi za kitambaa kilo 570. Karibu hakuna tofauti. Lakini nepi hizo zilifuliwa kwa mashine ya umeme, na nyingine zilikaushwa kwa mashine. Wakala huo huo ulionyesha kwamba zikianikwa nje, mashine ikijazwa vizuri, na nepi zikitumiwa tena na mtoto wa pili, athari hupungua kwa takriban asilimia 40. Sasa mtazame mama wa Mbagala anayefua kwa mkono, anayeanika juani, na ambaye nepi zake zimevaliwa na watoto watatu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, Kenya iliitangulia mwaka 2017, na zote mbili zilifanya vyema. Hata hivyo pampasi, ambayo ndani yake pia ni plastiki, inaendelea kupelekwa kwa malori dampo la Pugu Kinyamwezi, ile iliyobahatika kufika huko. Nyingine hutupwa kwenye mashimo ya vyoo, hayo mashimo yakajaa kabla ya wakati na gari la kunyonya likashindwa kuyanyonya.

Nafuu hiyo ya dunia, lakini, inalipwa na mgongo wa mtu mmoja. Kina baba wanaopenda kusifu nepi kwa sababu zinaokoa fedha za pampasi wakae nao mbele ya beseni. Kuchota maji, kukamua na kuanika havihitaji ziwa la kunyonyesha.

Limebaki la kuhifadhi, na ni la hatari kuliko yote niliyoyataja. Mtoto akishaacha nepi, mama huzikunja, huziweka sandukuni kumsubiri mwenzake, na ili mende na nondo wasizitafune hutia vile vidonge vyeupe vya naftalini. Miaka miwili baadaye anazitoa, anamvisha mtoto wa siku tatu. Tangu miaka ya 1950 madaktari wameandika juu ya watoto wachanga waliopata manjano makali kwa njia hii. Naftalini hupita kwenye pumzi na kwenye ngozi, na ngozi iliyopakwa mafuta huinyonya zaidi. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi, bilirubini hupanda haraka, na ikifika kwenye ubongo huacha ulemavu wa kudumu au huua. Upungufu huo ni wa kurithi, huwapata wavulana zaidi, na umeenea hasa kule ambako malaria imekaa karne nyingi: pwani yetu, maeneo ya ziwa, Kongo, na ng'ambo ya bahari huko Oman pia. Wazazi wengi hawajui kama wanao.

Nepi za kuhifadhi zifuliwe, zisuuzwe, zikauke kabisa, zifungwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana au kwenye foronya safi ndani ya sanduku lisilopitisha wadudu. Zile ambazo tayari zimelala na naftalini zianikwe juani kwa siku kadhaa mfululizo mpaka harufu iishe kabisa, zifuliwe upya, na ikiwa harufu inarudi zikishikwa na joto la mwili zisivalishwe kichanga. Hali kadhalika blanketi, shali na kofia za sufu. Na mtoto akionekana wa manjano machoni, viganjani au nyayoni, akalegea au akakataa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mama amwambie muuguzi kwamba nguo zake zilihifadhiwa na naftalini.